Mwaka Niliofichwa Kando ya Reli

Siku tuliyomzika mama, kule Vihiga, mwendesha shughuli aliwaita marafiki wa familia waseme neno moja moja, na Risper akasimama. Mtu akiambiwa aseme neno moja katika matanga ya kwetu husema mia mbili, na Risper hajawahi kuwa mchoyo wa maneno. Alisimulia jinsi alivyokulia mlango wa tatu kutoka kwetu Makongeni, na jinsi mama alivyotuchapa mimi na yeye kwa mwiko mmoja bila kubagua mtoto wa nani. Halafu akasema, "Na huyu Mideva, kuna mwaka alinipotea kabisa. Nilimtafuta mpaka kwa redio." Watu wakacheka. Hema zima lilicheka, hata mchungaji. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na kitambaa kichwani, mwanamke anayekaribia hamsini, na maneno hayo yalinikaza kifua pale pale palipokuwa na ugonjwa zamani.

Wanangu wanaujua mwaka ule kama mwaka wa sindano. Nimewaambia kwamba nilikuwa na kifua kikuu, nikatibiwa, nikapona, basi. Sijawahi kuwaambia yaliyobaki. Yaliyobaki ni kwamba nilikuwa na rafiki mmoja wa chanda na pete, kwamba mama alinifanya nimdanganye, na kwamba kwa karibu miaka thelathini nilingoja mama aniambie, hata kwa kuzungukazunguka, kuwa alikosea. Hakusema. Alizeeka, akaugua sukari, nikamuuguza hadi siku yake ya mwisho, tukazungumza kila jambo isipokuwa hilo. Nilimpenda na nilikuwa na kinyongo naye. Vyote viwili vilikaa moyoni mwangu muda wote huo, na nilikwisha kuzoea.

Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli pale Nairobi, tuliishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia lenye maua ya zambarau. Upande wa mlangoni palikuwa jikoni, sebule na biashara. Nyuma ya pazia palikuwa kitanda cha wazazi na godoro langu. Baba alisafiri na treni za mizigo na kulala nyumbani siku chache kwa mwezi, kwa hiyo serikali ya nyumba ile ilikuwa mama. Alipika chapati na maharagwe, chakula cha vibarua waliovuka reli kutoka viwandani saa saba mchana. Waliketi kwenye mabenchi mawili nje ya mlango wetu, wengine kwenye kizingiti, wakala huku redio ikisema dirishani. Maharagwe hayo ndiyo yaliyonisomesha hadi kidato cha nne. Hata leo nikisikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa asubuhi, miguu yangu hutaka kuamka iende kuchota maji.

Risper na jamaa yake walikuwa wameondoka mwaka mmoja kabla sijaugua. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini, na mfanyakazi wa reli aliyepunguzwa alirudisha ufunguo wa nyumba pamoja na sare. Walirudi Vihiga, kwenye kilima kinachotazamana na boma la nyanya yangu. Tulipoagana tuliahidiana barua kila mwisho wa mwezi. Kwetu hatukuwa na sanduku la posta. Tulitumia la kanisa, kama nusu ya mtaa. Kila Jumapili baada ya matangazo karani wa kanisa alisimama na bunda la barua, akasoma majina moja moja, na aliyetajwa akapita mbele kuchukua yake huku macho yote yakimfuata. Barua ya Risper ilikuwa na kitu ndani kila mara: jani lililokaushwa, unyoya wa kuku wao, mara moja mdudu aliyefika amekufa. Nilimjibu kwa habari za mtaa, nani ameoa, nani amepigana bombani. Sikuwa na dada, na Risper alijua hivyo.

Kikohozi kilianza nilipomaliza mtihani. Mwanzoni mama alikiita vumbi, kisha mafua, kisha akaacha kukiita jina lolote. Siku niliyotema damu kwenye beseni la kuoshea vyombo, alilimwaga lile beseni, akalisugua kwa jivu, akalisugua tena, halafu akalitupa. Kesho yake alinipeleka zahanati moja ya Eastleigh, mbali na macho ya majirani, ingawa ilikuwapo nyingine karibu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyezungumza bila kuinua macho kwenye karatasi. Miezi miwili ya sindano na vidonge kila siku, alisema, kisha vidonge peke yake hadi mwezi wa nane, bila kuruka hata siku moja. Mboga kwa wingi. Hewa safi na jua. "Asikae kwa chumba kimefungwa. Na baada ya wiki mbili za dawa hataambukiza mtu."

"Watu watajua?" mama akauliza.

"Watu gani? Nimekwambia wiki mbili."

"Dada, watu hawahesabu wiki," mama akasema, akafunga pochi yake.

Nilijua alichokiogopa, kwa sababu nilikuwa nimekisikia kupitia ukuta. Kuta za Makongeni hazikuficha neno. Mstari wa nyuma yetu alikuwapo mama muuza mandazi ambaye binti yake alikohoa kwa muda mrefu. Siku zile mtu akikohoa na kukonda, watu hawakungoja daktari, walisema ni "ule ugonjwa," wakishusha sauti kwenye neno "ule." Niliwasikia wanawake wakinong'ona wakianika nguo. "Mimi siwezi kula kitu imetoka kwa hiyo nyumba." "Hata watoto nimewaambia wasiguse." Hakuna aliyemtukana yule mama. Waliacha tu kununua, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya sikukuu walikuwa wamehama. Mama yangu alikuwa amemsaidia kufunga mizigo. Alirudi siku hiyo akaketi kitandani bila kuvua viatu, na sidhani aliwahi kuisahau siku hiyo.

Basi jioni ile tuliyotoka zahanati alitangaza, kwa sauti ya kusikika milango yote, kwamba Mideva ameenda ushago, kijijini kwa nyanya yake, kupumzika baada ya mtihani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeuma kona ya shuka ili nisikohoe. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kutoka kabla hapajapambazuka na kurudi giza likiingia, nimejifunika leso kuanzia kichwani. Tulitembea hadi Eastleigh, nikadungwa, tukarudi kwa njia ya pembeni hadi ukingo wa reli, ambako mama alikuwa na kijishamba kama walivyokuwa nacho wanawake wengi wa kwetu, ukanda mwembamba wa ardhi ambao haukuwa wake wala wa mtu yeyote tuliyemjua. Hapo aliniachia chupa ya uji, chapati mbili na dawa zangu, akakimbia kwenda kukanda unga. Alinijengea kibanda cha magunia katikati ya mahindi, kifupi kiasi cha kuketi tu. "Mtu akipita, inama," aliniambia. "Ukisikia kikohozi kinakuja, ngoja treni."

Nilingoja treni. Nilijifunza kukibana kikohozi kooni mpaka machozi yatoke, hadi behewa la kwanza lifike, ndipo nikohoe kwa uhuru mpaka la mwisho lipite. Wiki za kwanza nilikuwa mgonjwa na mwoga pamoja, na sijui ni kipi kilichonichosha zaidi. Niliogopa askari wa reli, ambao siku yoyote wangeweza kuja na mapanga kufyeka mimea. Niliogopa wanafunzi waliokatiza wakitoka shule, maana walinijua. Siku moja vibarua wawili walisimama hatua tano kutoka kwangu, wakijadiliana kama maharagwe ya mama yangu yana chumvi nyingi kuliko ya jana. Nililala kifudifudi kwenye udongo mbichi mpaka wakaenda, na moyo wangu ulikuwa ukipiga ardhi.

Lakini nisiwe mwongo mara ya pili: shamba lile liliniponya. Dawa ziliua wadudu, sawa, ila mimi niliponea pale. Mwezi wa pili nilichoka kuketi, nikaanza kung'oa magugu yaliyokuwa karibu, kisha ya mbele kidogo. Nililima kunde kwa kijiti kabla ya kupata nguvu ya kushika jembe. Jua liliingia mgongoni hadi kwenye mifupa. Nilijua saa kwa treni na siku kwa ukubwa wa majani, na ilipofika mvua ya masika niliketi nje ya kibanda nikalowa kwa makusudi, nikipumua harufu ya udongo kwa kifua kilichokuwa kikipokea hewa hadi chini kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Safari ya Eastleigh, ambayo mwanzoni nilipumzika mara saba njiani, nikaimaliza kwa kupumzika mara moja. Mama alipanda mrenda kwa ajili yangu, mistari mitatu, kwa sababu muuguzi alisema mboga na mimi nilipenda mrenda. Yeye mwenyewe hakuupenda. Alisema ni mboga ya watu wavivu kutafuna, inateleza kabla hujaamua kumeza. Alinipikia kila jioni mwaka ule wote, na hakuwahi kuonja hata kijiko.

Aliyenijua pale alikuwa mmoja tu, Mama Shiru, mwanamke wa Kikuyu aliyelima ukanda uliofuata na kuuza sukuma wiki sokoni. Aliniona siku ya pili. Alisimama akanitazama ndani ya kibanda, akatazama chupa ya vidonge, akasema, "Mimi sijaona mtu," akaendelea kulima. Hakuwahi kuniuliza swali. Alikuwa na redio ndogo ambayo aliitundika kwenye bua la mahindi, na mchana aliipandisha sauti kidogo ili nami nisikie. Kuna siku niliona ameacha ndizi kwenye mpaka wetu, naye akaniambia, huku akitazama upande mwingine, kwamba panya wa huko wanapenda ndizi.

Tatizo lilianzia kanisani. Jumapili moja mama aliingia nyumbani na barua mkononi, akafunga mlango kwa komeo, akaketi. Karani alikuwa amesoma jina langu. Barua ya Risper, yenye muhuri wa Vihiga. Na kabla mama hajafika mbele kuichukua, mwanamke mmoja wa kwaya akauliza kwa wema kabisa, "Si Mideva ako huko huko ushago? Mbona anaandikiwa huku?"

"Ukamwambia nini?" nikanong'ona.

"Nimesema Risper hajajua kama umefika." Alikuwa akijipepea kwa ile barua. "Sasa huyo mtoto akienda kwa nyanya yako akukose, itakuwa nini? Nyanya yako atalia mpaka Nairobi isikie." Akaacha kujipepea. "Utamwandikia. Utamwambia uko Mombasa kwa shangazi, unajifunza kushona."

"Mama, Risper si mtu wa nje."

"Na yeye ana mama. Na mama yake ana dada hapa Kaloleni. Unataka wale watu wa nje waache kula? Sema tu. Sema nikaambie baba yako tunafunga."

Niliandika. Hapo ndipo kinyongo changu kilipoanzia, lakini niseme ukweli wote: mkono ulioandika ulikuwa wangu, na nilipamba. Niliweka bahari, nikaweka cherehani ya shangazi, nikaweka joto linalozuia usingizi. Mama alinipa nambari ya sanduku ambalo shangazi alikuwa ameliacha alipohamia kwingine, nami nilijua kwamba ameliacha. Kwa hiyo nilijua, nilipokuwa nikiandika "nijibu upesi," kwamba jibu lake halitanifikia kamwe. Barua hiyo baba aliipeleka Mombasa mwenyewe kwenye safari yake, akaitia posta huko ili muhuri usitusute. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Mama yako anajua anachofanya," na alikuwa akitazama viatu vyake.

Ikapita miezi. Makongeni nilikuwa ushago, ushago nilikuwa Mombasa, na Mombasa hapakuwa na mtu. Karani hakusoma tena jina langu. Nilikuwa nikinenepa na kupata rangi, muuguzi alinisifu, na kila mwisho wa mwezi nilikosa raha kiasi cha kushindwa kumeza uji. Nilimwona Risper akiandika, akitia jani ndani ya bahasha, akitembea hadi posta. Nilimwona akirudishiwa bahasha yake. Nilianza kuzungumza naye shambani kwa sauti ya chini, mpaka Mama Shiru akaniambia, "Kama ni maombi, sema kwa nguvu. Kama ni mtu, mwandikie." Nikamwambia siwezi. Akaguna, akaendelea na kazi yake.

Ilikuwa mwezi wa saba, saa saba na kitu. Kipindi cha salamu kilikuwa hewani. Wasomaji vijana huenda hawakijui: ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako, mahali ulipo, majina ya unaowasalimu na ujumbe mfupi, ukaituma kituoni, kisha ukangoja wiki nyingi mtangazaji aisome nchi nzima ikisikiliza. Watu waliokuwa mbali walishikana mikono namna hiyo. Nilikuwa nikichuma kunde nilipomsikia mtangazaji, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, akisema kadi hii inatoka kwa Risper wa Vihiga, anamsalimu rafiki yake wa utotoni Mideva, mzaliwa wa Makongeni Nairobi, ambaye kwa sasa yuko Mombasa, popote pale atakapokuwa anaisikia sauti hii. "Na ujumbe wake anasema: barua zangu zimerudi, na kimya chako kinanitia hofu. Kama uko hai, nijulishe."

Mama Shiru alinyanyuka polepole na kushika kiuno. "Haiya," akasema. "Si huyo ni wewe."

Nilikuwa nikiiona ile redio nyingine, iliyokuwa dirishani kwetu, na mabenchi mawili yaliyojaa, na mama ameshika upawa. Saa ileile, kituo kilekile. Kila mtu aliyekuwa na sahani mkononi alikuwa ameambiwa mwezi wa kwanza kwamba mimi niko ushago. Nilijua mama atabuni uongo wa tatu, na kwamba atautoa upesi, na kwamba nitauandika. Sijui niseme nilipata ujasiri. Nilikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyeshiba na kulala vizuri, ambayo mgonjwa hana nafasi nayo. Niliivua leso kichwani, nikaifunga kiunoni, nikavuka reli mchana kweupe.

Nilipofika kwenye kona ya mstari wetu nilisikia sauti ya kibarua mmoja waliyemwita Odhis, mtu wa mzaha, mteja wetu wa miaka mingi. "Mathe, hebu tuambie. Mombasa ni wapi tena? Si ulisema huyu msupa wako Mideva ako ushago?" Wengine walicheka kidogo. Mama alikuwa akicheka nao, kicheko kikavu, na tayari alikuwa ameanza: "Alienda ushago kwanza, halafu shangazi yake..." Kisha akaniona. Upawa ulibaki hewani, na mchuzi ukamdondokea kwenye kanga.

"Nilikuwa hapa," nikasema. Nikarudia. "Nilikuwa hapa mwaka wote. Nilikuwa na TB. Natibiwa, na sasa siambukizi mtu. Mama hakutaka muogope."

Redio ilikuwa imeshahamia kwenye salamu za watu wengine. Kibarua mmoja kijana aliiweka sahani yake chini, taratibu, akafuta mkono kwenye suruali, akaondoka bila kutazama nyuma. Akafuatwa na wawili. Kisha wengi. Walilipa wote, sitawasingizia. Waliacha pesa kwenye benchi kana kwamba hawakutaka kumpa mama mkononi. Odhis alibaki. Aliitazama sahani yake kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kidato cha nne chote, akakata kipande cha chapati, akala. "Imepoa, mathe," akasema. "Niongezee supu." Mama hakumwongezea. Aliingia ndani, akaketi nyuma ya pazia, upande wangu, juu ya godoro langu, na mimi ndiye niliyechukua upawa nikamwongezea.

Kesho yake walikuja wanne. Wiki iliyofuata, watatu. Mama alipunguza unga, akapunguza tena, kisha siku moja akaligeuza sufuria kubwa kifudifudi juu ya kabati. Hakuniambia neno kwa siku tisa. Alinipikia mrenda, akaniwekea sahani mezani, akatoka nje. Nyumba ya chumba kimoja bila maneno ni adhabu nisiyomtakia adui. Nililia, nikajuta, kisha nikakasirika kwa kujuta. Nilijiambia nimemuua mama yangu kwa njaa kwa ajili ya msichana aliyeko mbali, na wakati huohuo nilijua kwamba siku nikirudi shambani kifudifudi sitainuka tena.

Siku ya kumi alinikuta kule shambani. Sasa nilikwenda mchana, kichwa wazi, na wapita njia wengine walinisalimu na wengine walivuka upande wa pili. Alisimama kwenye mpaka wa Mama Shiru, akachomoa kitu ndani ya pochi. Ilikuwa kadi ya salamu, mpya, haijaandikwa.

"Andika," akasema.

"Niandike niko wapi?"

Alitazama treni iliyokuwa ikija kutoka upande wa Makadara, akangoja ipite yote. "Andika Makongeni."

Akashika jembe la Mama Shiru lililokuwa limelala, akaanza kulima mstari aliokuwa hajaombwa. Niliandika kwenye goti langu: Mideva wa Makongeni, Nairobi, anamsalimu Risper wa Vihiga; ujumbe, niko hai, sikuwahi kuondoka. Mama aliipeleka posta mwenyewe. Wiki iliyofuata alitumia pasi ya baba, ya familia kupanda treni bure, akasema anaenda Kisumu kwenye matanga ya binamu yake. Alikaa siku tatu. Alirudi na viatu vyenye udongo mwekundu hadi kwenye visigino, akalala tangu saa kumi jioni. Sikumuuliza habari za marehemu, maana bado tulikuwa tukizungumza kwa kupimiana.

Tangu hapo mama alilima. Aliuza sukuma na kunde pamoja na Mama Shiru sokoni, ambako hakuna aliyejali kifua cha mtu, na baada ya mwaka mmoja wale vibarua wakaanza kurudi mmoja mmoja kuuliza kama kuna chapati. Kila mchana tulisikiliza salamu tukingoja kadi yangu. Hatukuisikia. Kulikuwa na siku kadhaa betri za Mama Shiru zilikuwa zimekufa, na nikaamua kwamba ilisomwa siku mojawapo kati ya hizo. Nilikuwa na ushahidi: kabla mwezi haujaisha, karani wa kanisa alisoma jina langu, nikapita mbele kwa miguu yangu. Barua ya Risper ilikuwa nusu ukurasa, na ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne zilikuwamo mbegu za mrenda. "Nimejua uko Makongeni," aliandika. "Nimekukasirikia na nimelia. Umalize dawa zote, hata ukijisikia mzima. Panda hizi, za huku ni tamu zaidi." Tumeandikiana tangu siku hiyo, kwanza kwa karatasi, kisha kwa simu, na sasa ananitumia sauti za dakika nane ambazo huzisikiliza mwenyewe kabla ya kunitumia.

Baada ya mazishi, wageni walipoanza kutawanyika, nilimvuta Risper kando nyuma ya jiko la wapishi. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na adabu. Nilimwambia mzaha wake wa redio haukunichekesha. Kwamba mama amezikwa bila kuniambia pole kwa mwaka ule, na kwamba kama si kadi yangu kusomwa, tungepotezana kabisa.

Risper akauliza, "Kadi gani?"

"Kadi yangu ya salamu. Uliyoisikia."

"Mideva, mimi sikuwahi kusikia kadi yako." Akaishika mikono yangu yote miwili. "Uliandika kwa kadi unameza dawa?"

Sikuwa nimeandika. Kadi ile ilikuwa na nafasi ya maneno machache, na neno dawa halikuwamo. Nilikuwa na barua yake kwa miaka hii yote, naijua kwa moyo, na sikuwahi kujiuliza.

"Mama yako alikuja," Risper akasema. "Alitoka stesheni kwa miguu. Alisimama kwa mlango wetu, mama yangu akamkaribisha kiti, akakataa. Tukamletea chai, akakataa. Unajua vile kwetu mtu akikataa kiti, watu wanaogopa. Tulidhani amekuja kutuambia umekufa. Akasema, 'Mtoto wangu yuko hai. Alikuwa na kifua. Mimi ndiye nilimficha, na mimi ndiye nilimwambia adanganye, yeye alikataa. Nimekosa mbele ya Risper na mbele yake. Mwandikieni.' Halafu akaniambia nisikuambie amekuja. Nikamwahidi. Na ningekwambia lini, akiwa hai?"

Nikakumbuka matanga ya Kisumu, na viatu vyenye udongo mwekundu. Nyuma yetu wapishi walikuwa wakisugua masufuria kwa jivu.

"Akaondoka hivyo hivyo?" nikauliza mwishowe. "Bila kuketi?"

"Hapana. Alipomaliza kusema, aliketi. Ilikuwa wakati wa chakula, na kwetu siku hiyo hakukuwa na kitu ila ugali na mrenda. Mama yangu aliona haya kumpa mgeni mboga peke yake." Risper akatabasamu, akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Alikula yote. Akaomba aongezwe."